Barua ya wazi kwa wanaotoa leseni za safari za anga: tiketi zinauzwa, mlinzi wa abiria ni nani?

KWA: Wajumbe wa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, Vienna, na wakuu wa mamlaka zote za serikali zinazotoa leseni za kurusha binadamu angani.

YAH: BIASHARA YA KUSAFIRISHA BINADAMU ANGANI NA WAJIBU WENU CHINI YA MKATABA WA ANGA ZA JUU WA 1967

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi, kila Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapopita juu yetu usiku ambao hauna mawingu, huwatoa wanafunzi nje wakakione. Kinatokea upande wa magharibi kama nukta nyeupe. Hakimwekimweki kama ndege na hakina sauti. Kinapanda taratibu, kinang'aa kuliko nyota zote, na baada ya dakika tano au sita kinafifia na kuzimika kabla hakijagusa upeo wa macho, kwa sababu kimeingia kwenye kivuli cha Dunia. Hapo huwaambia: mle ndani mna watu, wanakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, na baada ya dakika tisini hivi watakuwa wameizunguka Dunia nzima. Huwa hakosekani mwanafunzi mmoja wa kupunga mkono. Sijawahi kumkataza.

Nimeanza na hilo ili msinidhanie adui wa safari za anga. Nazipenda, nazifundisha, na natamani ziendelee hata baada ya mimi kuondoka duniani.

Malalamiko yangu niliyaanza faraghani, kama ustaarabu unavyotaka. Kwa muda wa miaka miwili nimeandika barua tatu kwa mamlaka moja inayotoa leseni za kurusha vyombo vya anga. Swali langu lilikuwa moja: abiria aliyelipa nauli akipanda roketi, ni ofisi gani ya serikali iliyokikagua chombo kile ikaridhika kwamba kinafaa kubeba binadamu? Barua ya kwanza ilijibiwa na kompyuta kwa namba ya kumbukumbu. Ya pili ilijibiwa na mtu, naye akanielekeza niiulize kampuni. Nikaiuliza kampuni, ikanitumia kijitabu cha kurasa kumi na mbili chenye picha za viti, madirisha na Dunia ya buluu, pamoja na fomu ya kuweka nafasi. Barua ya tatu haijajibiwa mpaka leo. Siitaji mamlaka ile wala kampuni ile, kwa kuwa tatizo ni kubwa kuliko ofisi moja. Ndiyo maana nimekuja kwenu hadharani.

Naomba kuyaeleza yanayonisumbua.

1. Abiria anasaini, serikali inatazama pembeni.

Marekani, ambako biashara hii imekomaa kuliko kwingine, Bunge lilipitisha sheria mwaka 2004 iliyoizuia mamlaka ya usafiri wa anga kuweka kanuni za kumlinda aliye ndani ya chombo, isipokuwa pale ambapo ajali ya kuua au kujeruhi vibaya imeshatokea, au imekaribia kabisa kutokea. Kinachotakiwa ni mwenye chombo amweleze abiria hatari zilizopo, amjulishe kwa maandishi kwamba serikali haijathibitisha usalama wa chombo hicho, kisha abiria aweke saini. Katazo hilo lilikusudiwa kudumu miaka minane. Limeongezwa muda tena na tena, na zaidi ya miaka ishirini imepita.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba sekta hii bado ni changa na kanuni zitaidumaza. Waheshimiwa, abiria wa kwanza wa ndege ya ratiba alipanda mwaka 1914. Mwaka 1926, miaka kumi na miwili tu baadaye, Marekani hiyohiyo ilikuwa imeshatunga sheria ya kukagua ndege na kuwapa marubani leseni. Usafiri wa ndege haukudumaa. Uliaminika, na kwa kuwa uliaminika ukakua.

Jibu la pili ni kwamba wateja ni matajiri waliojichagulia hatari wenyewe. Tuangalie basi aliyekufa ni nani. Tarehe 31 Oktoba 2014, juu ya jangwa la Mojave, chombo cha majaribio cha SpaceShipTwo kilisambaratika angani. Rubani msaidizi, Michael Alsbury, alifungua kufuli la mkia unaokunjwa chombo kikiwa kwenye kasi ya takriban Maki 0.8 (Maki 1 ni kasi ya sauti), badala ya kusubiri kifike Maki 1.4. Hewa ikaukamata mkia, ukajikunja wenyewe, na chombo kikavunjika vipande. Alsbury alifariki. Rubani mwenzake alinusurika kwa parashuti. Alsbury hakuwa tajiri aliyenunua msisimko, alikuwa mfanyakazi kazini. Tena wachunguzi walibaini kwamba walioibuni mashine ile hawakuweka kinga dhidi ya kosa moja la mwanadamu, na kwamba ofisi ya leseni ilikuwa imewasamehe sharti la kuchambua makosa ya namna hiyohiyo. Yaani serikali ilishika karatasi iliyokosa jibu la swali lenyewe, ikaigonga muhuri.

Hata upande wa abiria hoja ile haisimami. Katika safari ya Inspiration4 ya Septemba 2021, iliyobeba watu wanne wasio wanaanga wa kuajiriwa, mmoja alipata kiti kupitia bahati nasibu ya hisani. Kadiri biashara inavyokua ndivyo watakavyoongezeka watafiti wanaotumwa na vyuo vyao, mafundi wanaotumwa na waajiri wao, na washindi wa mashindano. Mtu wa namna hiyo akiletewa fomu ya kurasa nyingi siku chache kabla ya kuruka, ana uhuru gani wa kukataa?

Kuna jambo jingine hapa linalonigusa binafsi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za Challenger, chombo cha anga cha Marekani, walionya kwamba baridi ingezikakamaza pete za mpira zinazoziba maungio. Walibishiwa, ushauri wao ukageuzwa na wakubwa wao, na asubuhi chombo kikarushwa. Kilidumu sekunde 73. Kati ya watu saba waliokufa alikuwemo Christa McAuliffe, mwalimu, aliyekuwa afundishe somo kutoka angani huku shule zikimtazama. Kila ninapolifundisha somo la joto na unyumbufu wa vitu, pete zile ndizo mfano wangu. NASA, iliyokirusha chombo kile, ilikuwa taasisi ya umma, isiyo na wanahisa wala bei ya hisa ya kulinda, yenye wahandisi hodari na fedha za kutosha, na bado ratiba iliishinda tahadhari. Kama ratiba iliweza kuishinda tahadhari pale, itafanya nini ndani ya kampuni inayodaiwa faida kila robo mwaka na isiyosimamiwa na mtu wa nje?

2. Msafiri akikwama, anayemfuata ni nani?

Mwezi Juni 2024 wanaanga wawili, Barry Wilmore na Suni Williams, walikwenda Kituo cha Kimataifa kwa chombo kipya cha Starliner. Walitarajiwa kukaa siku nane hivi. Injini ndogo za kuelekeza chombo zikaleta hitilafu, heliamu ikavuja, na chombo kikaamriwa kirudi kitupu. Wao walirudi Duniani tarehe 18 Machi 2025, kwa chombo cha kampuni nyingine. Walipona kwa sababu walikuwa na mahali pa kukaa, chakula, hewa, na mlango ambao chombo kingine kiliweza kuunganishwa nao.

Sasa irudieni ile safari ya Septemba 2021. Chombo chake kilipaa karibu kilomita 585, juu zaidi ya Kituo cha Kimataifa, kikazunguka siku tatu peke yake. Ili abiria wapate mandhari nzuri, kifaa cha kuunganishia kiliondolewa na mahali pake pakawekwa kuba la kioo. Nimeziona picha za kuba lile na sikatai kwamba linapendeza. Lakini hitilafu ingetokea, hata kama chombo cha uokoaji kingekuwa tayari juu ya roketi, kisingekuwa na pa kushika. Watu wanne walikuwa ndani ya boti ambayo hakuna boti nyingine ingeweza kuisogelea ikawapokea watu wake.

Makubaliano ya mwaka 1968 ya kuwaokoa wanaanga yaliandikwa kwa ajili ya watumishi wa mataifa mawili makubwa ya wakati ule. Yanawataka wenye uwezo kusaidia, lakini hayamlazimishi anayeuza tiketi kuwa na mpango wa uokoaji kabla ya kuruka. Kipimo cha pamoja cha milango ya kuunganisha vyombo kipo tangu mwaka 2010, ila kukifuata ni hiari. Hiari!

Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na nafasi 1,178 kwenye boti za kuokolea, na watu zaidi ya 2,200. Ilikuwa haijavunja sheria yoyote ya idadi ya boti, maana sheria ilitungwa enzi za meli ndogo ikasahauliwa pale. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Januari 1914, haijatimia hata miaka miwili, mataifa yalikuwa yamekaa London na kutia saini mkataba wa usalama wa maisha baharini. Mnaposema kwamba Kamati yenu huamua kwa maafikiano na kwamba maafikiano huchukua miaka, nakumbuka kwamba mabaharia waliafikiana kwa muda huo mfupi. Ninachoomba ni kwamba safari hii makubaliano yatangulie mazishi.

3. Sisi tuliobaki chini.

Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo mdogo wa nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kumwaga vipande vyenye mionzi. Baada ya mazungumzo marefu, Wasovieti walikubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Machi 2024 kipande cha chuma cha takriban gramu 700 kilitoboa paa la nyumba huko Naples, Florida. Kilitoka kwenye shehena ya betri kuukuu iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa mwaka 2021, kwa matarajio kwamba yote ingeungua ikiingia kwenye angahewa. Hakuna aliyeumia.

Mkataba wa fidia wa 1972 unazungumza na serikali. Chini ya mkataba huo, mwenye nyumba hana mlango wake mwenyewe wa kubisha. Ni lazima serikali yake ikubali kumsemea, na kama haina nguvu ya kubishana na serikali iliyorusha, basi. Wakati huohuo setilaiti zinazofanya kazi zimeshapita 10,000, na vipande vya takataka vinavyofuatiliwa kwa rada ni makumi ya maelfu. Kila safari ya kibiashara inayoizunguka Dunia inapita katikati ya hivyo, na baadhi zinaongeza. Roketi zinazochoma mafuta ya taa huacha masizi kwenye stratosfia, mahali ambapo mvua haifiki kuyaosha, nayo hukaa huko miaka. Safari zikiwa chache athari ni ndogo. Lakini kinachotangazwa na wafanyabiashara wenyewe ni safari nyingi mno, na sijaona leseni inayoweka kikomo cha masizi.

4. Nyumba ya pamoja inabomolewa na viti vimekuwa bidhaa.

Tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakujapita siku ambayo Kituo cha Kimataifa hakikuwa na mtu ndani. Wanafunzi wangu wote wamezaliwa baada ya siku hiyo, na hawajui anga isiyo na watu. Mpango uliopo ni kukishusha mwanzoni mwa muongo ujao na kukizamisha katika eneo la mbali la Bahari ya Pasifiki, kisha vituo vya makampuni vichukue nafasi yake. Sipingi kukishusha, kwani kimechakaa na nyufa zake zinajulikana. Ninachouliza ni kwamba, kikiondoka, nchi isiyo na roketi wala bilionea itapita mlango upi?

Zamani njia zilikuwepo, hata kama zilikuwa na siasa ndani yake. Mpango wa Interkosmos wa Wasovieti ulimpeleka Vladimir Remek wa Chekoslovakia mwaka 1978, Phạm Tuân wa Vietnam na Arnaldo Tamayo Méndez wa Kuba mwaka 1980. Mwaka 1984 Rakesh Sharma wa India akaenda kwa makubaliano ya namna hiyo kati ya serikali mbili. Hakuna aliyetoa nauli mfukoni mwake. Mkataba wa 1967 unawaita wanaanga wajumbe wa wanadamu wote, na watu wale walipokelewa hivyo makwao.

Mtaniambia nivute subira, bei itashuka. Nakiri kwamba gharama ya kurusha mzigo imeshuka sana tangu roketi ya Falcon 9 ilipoanza kurudi na kutua mwaka 2015, na walioifanya kazi ile wanastahili sifa kamili. Lakini kiti cha binadamu? Mwaka 2001 Dennis Tito, tajiri wa Marekani, aliripotiwa kulipa dola milioni 20 kwenda Kituo cha Kimataifa. Mwaka 2022 kiti cha kwenda palepale kiliripotiwa kuuzwa dola milioni 55. Miaka 21 ya kuvuta subira, na bei imekwenda juu.

Isisahaulike pia kwamba biashara hii haikujengwa kwa mitaji ya binafsi peke yake. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilitoa mikataba miwili ya vyombo vya kubeba watu, mmoja wa dola bilioni 4.2 na mwingine wa dola bilioni 2.6. Juu ya hapo kuna miongo ya utafiti wa umma kuhusu ngao za joto, mavazi ya anga na maradhi ya mifupa na macho yanayowapata wanaokaa bila uzito. Umma ndio uliotoa mahari, kwa hiyo una haki ya kusikilizwa.

5. Mwezi.

Hapa nitasema kwa ufupi. Mkataba unakataza taifa lolote kujimilikisha Mwezi. Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria inayowapa raia wake haki ya kumiliki watakachochimba huko, na mwaka 2017 Luxembourg ikafuata. Makubaliano ya mwaka 1979, ambayo yangeweka utaratibu wa pamoja, yameridhiwa na nchi chache na hakuna hata moja kubwa ya anga kati yake. Mkiliacha jambo hili hadi mashine za kwanza zianze kuchimba, mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama, nanyi mtaitwa kuhalalisha kilichokwisha kuliwa.

Lipo jibu moja nimelibakiza, maana ndilo ninaloliheshimu kuliko mengine: kwamba nchi moja ikikaza masharti, makampuni yatahamia penye masharti legevu, kama meli zinavyokimbilia bendera za nchi zisizouliza maswali. Ni kweli, hatari hiyo ipo. Lakini kifungu cha sita cha Mkataba wa 1967 kilishaiona. Kinasema kila taifa linawajibika kwa shughuli za anga za watu wake, ziwe za serikali au za binafsi, na kwamba za binafsi zinahitaji idhini na usimamizi usiokoma. Leseni ni idhini tu. Usimamizi uko wapi? Ndiyo maana siiandikii nchi moja, nawaandikia ninyi nyote mnaokaa meza moja, ili pasiwe na pa kukimbilia.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba yafuatayo:

(a) Kila mamlaka itaje hadharani ofisi na cheo cha mtu anayewajibika kwa usalama wa walio ndani ya chombo, na makatazo yote ya kuweka kanuni za usalama wao yaachwe yaishe muda bila kuongezwa tena.

(b) Chombo chochote kinachobeba mtu kwenye mzingo wa kuizunguka Dunia kisipewe leseni bila mlango wa kuunganishia unaofuata kipimo cha pamoja, na bila mpango wa uokoaji uliojaribiwa. Kama kuba la kioo linachukua nafasi ya mlango huo, liondolewe.

(c) Ripoti za ajali na za hitilafu zilizokaribia kuwa ajali zitolewe kwa umma wote, kama ilivyo kwa ndege, bila kisingizio cha siri za biashara.

(d) Mtu aliyeharibiwa mali au kuumizwa na kitu kilichoanguka kutoka angani apewe njia ya kudai mwenyewe, na kila tiketi ichangie mfuko wa fidia hiyo.

(e) Kila kituo cha binafsi kitakachopewa leseni kitenge sehemu ya viti na maabara kwa nchi zisizo na uwezo wa kurusha, kwa utaratibu utakaosimamiwa na Kamati, na uamuzi huo ufanyike kabla Kituo cha Kimataifa hakijashushwa.

Kuhusu Mwezi, naomba tu mjadala ufikishwe mwisho kabla mashine za kwanza hazijaanza kuchimba.

Naomba jibu la maandishi, la wazi kama barua hii ilivyo wazi, kabla ya kikao chenu kijacho cha mwaka hapo Vienna. Nikipewa namba ya kumbukumbu peke yake, nitaandika tena. Nikipewa majibu, nitayasoma darasani kama yalivyo, neno kwa neno, kisha tutatoka nje kukitazama kituo kikipita.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa fizikia